Senti za Mbali, Msitu wa Oicha

Mwaka 1913, katika mji mdogo wa White Cloud, jimboni Kansas, mvulana aitwaye Wilbur Chapman alipewa dola tatu na mgeni wa wazazi wake, William Danner, mtumishi wa shirika la kuwahudumia wakoma. Danner alikuwa amesimulia pale nyumbani kwamba dola 25 zinatosha kumtunza mkoma mmoja mwaka mzima. Mtoto akanunua kinguruwe, akakipa jina Pete, akakilisha mpaka kikanona, akakiuza kwa dola 25 na kuzituma zote. Habari ikaenea. Baada ya muda shule za Jumapili za Marekani zikajaa vibubu vya umbo la nguruwe, na watoto wasiojua Kongo iko upande gani wa dunia wakawa wanadumbukiza senti humo kwa ajili ya watu ambao wasingewaona maishani.

Mtu wa Beni ana haki ya kuuliza nguruwe wa Kansas anamhusu nini. Anamhusu. Ukiifuata barabara ya kwenda Eringeti na Komanda, ukaipita Mbau, unafika Oicha, kilomita kama 30 kutoka Beni mjini. Hapo, ukingoni mwa msitu wa Ituri, ilisimama mojawapo ya hospitali za misheni zilizojulikana zaidi katika Kongo ya Wabelgiji. Wala serikali wala kampuni ya dhahabu haikuijenga. Ilijengwa kwa fedha za namna ile ile: ndogo ndogo, za hiari, kutoka kwa watu wa mbali. Na ndiyo sababu historia yake, kila ukurasa, ni historia ya swali moja: nani analipa, na anayelipa anapata nini?

Kwanza, kwa nini fedha zitoke mbali hivyo? Mwaka 1906 Dola Huru ya Kongo, iliyokuwa bado mali ya Mfalme Leopold, ilifanya mapatano na Vatikani: wamisionari Wakatoliki wapewe ardhi, nao wafungue shule. Miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ikaanza kuzilipia ruzuku shule za misheni zilizoitwa za kitaifa, yaani za Wabelgiji, na hizo zilikuwa za Wakatoliki karibu zote. Waprotestanti walikuwa Waingereza, Wamarekani na Waskandinavia. Waliruhusiwa kuwapo, ila kasha la serikali halikufunguliwa kwao. Hivyo, katika nchi ya Wanande, Mapadri wa Moyo Mtakatifu waliotangulia kufika Beni, na Waasumpsioni waliofika mwaka 1929, walifanya kazi wakiwa na serikali upande wao. Mprotestanti aliyejenga kibanda cha dawa jirani nao alitegemea posta.

Misheni iliyofika Oicha iliitwa Africa Inland Mission. Mwanzilishi wake, Peter Cameron Scott, alishuka Mombasa mwaka 1895 na kundi dogo, akafa mwaka uliofuata. Charles Hurlburt ndiye aliyeiokoa isife naye. Makao yakawekwa Kijabe, Kenya, mwaka 1903, na mwaka 1912 wamisionari wake wakaingia Kongo kwa njia ya Mahagi. Ilikuwa ile aina ya misheni inayoitwa misheni ya imani, iliyoiga mfano wa George Müller na vituo vyake vya yatima kule Bristol: hakuna mshahara wa uhakika, hakuna mkopo, na hakuna kumwomba mtu fedha. Unaeleza mahitaji yako, unasali, unangoja. Kumweleza mtu mwenye pochi mahitaji yako kwa undani kila mwezi, kisha ukasema hujamwomba kitu, ni ufundi wa pekee, nami nakiri kwamba wamisionari hao waliumudu vizuri. Barua zao za maombi zilisomwa kwa sauti makanisani. Kina mama walikaa pamoja wakichana mashuka makuukuu na kuyakunja yawe bendeji. Bahasha zikazunguka.

Katika mji wa Boyertown, Pennsylvania, alikuwapo daktari aitwaye Carl Becker, aliyezaliwa mwaka 1894. Alikuwa na mke, Marie, na wagonjwa wa kutosha kumfanya mtu wa uwezo pale mjini. Hurlburt alimwandikia kwamba mkwewe, daktari mwanamke aliyekuwa akitumikia Kongo, amefariki, na pengo lake halina wa kuliziba. Becker alisita, alikuwa na sababu za kifamilia na za kifedha, kama mtu yeyote. Mwaka 1929 akafunga safari.

Angalia mwaka huo. Oktoba yake soko la hisa la New York liliporomoka, na Marekani ikaingia katika dhiki ya miaka kumi. Waumini waliokuwa wakijaza bahasha wakawa wenyewe wanapanga foleni ya supu. Misheni za imani, ambazo kwa kanuni hazikopi, zilipunguza posho za watu wake, na kila aliyekuwa ng'ambo akajifunza maana halisi ya kungoja. Becker alianzia Katwa, jirani na Butembo, akapelekwa Aba kaskazini, na mwaka 1934 akafikishwa Oicha. Nyumba ilikuwa ya udongo, na msitu ulianzia mlangoni.

Watu walimwita Munganga, kama wamwitavyo daktari yeyote katika Kiswahili cha Kongo, lakini kwake neno hilo likashikamana likawa jina. Katika muda wa miaka miwili alikuwa anaona wagonjwa wapatao 200 kwa siku. Walitoka vilima vya Wanande upande wa kusini, walitoka kwa Wabira na Wambuti wa msituni, wengine wakitembea siku kadhaa. Walileta buba, malaria, ngiri, vidonda vya miaka, uzazi uliokwama. Kama ilivyo desturi ya hospitali za misheni, siku ilianza kwa sala na mahubiri, kisha dawa. Mgonjwa aliyeshikilia tumbo alisikiliza Injili kwanza. Sidhani wote waliipenda ratiba hiyo, ila walirudi.

Sehemu ya habari hii inayostahili kukaliwa ni ukoma.

Kabla ya Vita ya Pili ya Dunia, mkoma hakuwa na tiba ya kuaminika. Palikuwapo mafuta ya chaulmoogra, yatokanayo na mbegu za mti wa Asia, ambayo yalidungwa mwilini kwa sindano nyingi zenye maumivu; matokeo yalikuwa ya kubahatisha. Kwa hiyo sera ya kikoloni, hapa kama kwingineko, ilikuwa ya kuwatenga wagonjwa, na mara nyingi kambi ya kuwatenga haikuwa na tofauti kubwa na kifungo. Aliyepelekwa huko aliachwa na mke, na shamba lake likagawanywa na ndugu. Wengi walijificha mpaka vidole vikaisha.

Becker alifungua kijiji cha wakoma karibu na hospitali. Alichukua wote waliokuja kwa hiari, na wakaja kwa mamia, kisha kwa maelfu. Walipewa mahali pa kujenga na kulima. Aliyeweza kushika jembe alijilisha, na asiyeweza alilishwa. Mwanzoni alikuwa na chaulmoogra tu, kama wenzake. Kisha mwaka 1941, katika hospitali ya wakoma ya Carville, Louisiana, Guy Faget na wenzake wakaanza kujaribu dawa za jamii ya salfoni, na vidonda vilivyokuwa havifungi vikaanza kufunga. Baada ya vita ikapatikana dapsoni, kidonge cha jamii hiyo hiyo ambacho bei yake ilikuwa ndogo mno. Hapo ndipo mambo yalipobadilika. Dawa ya bei ndogo, inayomezwa, inayoweza kutolewa na muuguzi bila daktari kusimama pembeni, ndiyo dawa ambayo hospitali ya bahasha inaweza kuimudu.

Kufikia mwanzo wa miaka ya 1950, wakoma waliokuwa wakitibiwa Oicha walikadiriwa kuwa kama 4,000. Robert Cochrane, Mskoti aliyehesabiwa miongoni mwa mabingwa wakubwa wa ukoma duniani na mmoja wa wa kwanza kuwatibu wagonjwa kwa dapsoni kule India, alifika kuiona kazi hiyo na kuisifu. Daktari wa kijiji cha msituni aliyekuwa akiweka kumbukumbu za wagonjwa wake kwa uangalifu akawa na jambo la kuwaeleza wataalamu. Zaidi ya hayo alifungua sehemu ya wagonjwa wa akili, wakati ambapo katika sehemu kubwa ya Afrika mgonjwa wa akili alifungwa kamba au kuachwa azurure.

Lakini ukoma ulikuwa pia ndio uliovuta fedha, na hapa nataka kusema wazi. Mkoma yumo katika Biblia. Kila Mkristo wa Pennsylvania alimjua kabla ya kuijua Kongo. Picha ya mikono isiyo na vidole ilifungua bahasha kuliko habari za bati la paa, chumvi, au mshahara wa muuguzi. Anayeishi kwa michango huvutwa taratibu na kile kinachopendwa na wachangiaji. Sifa ya Becker, kwa maoni yangu, ni kwamba zile fedha zilizokuja kwa ajili ya picha alizitumia pia kwa kitu kisichopigika picha: kuwafundisha vijana wa hapa.

Hakuwa na njia nyingine. Madaktari wazungu waliojiunga naye walikuwa wachache, na kwa wagonjwa wengi kiasi kile hata kumi wasingetosha. Vijana wa Kikongo, wengi wao wenye miaka michache tu ya shule ya misheni, walifundishwa kusoma darubini, kutoa dawa ya usingizi, kuzalisha, kushona jeraha, na waliofuzu zaidi walisimama naye penye meza ya upasuaji. Ili tuelewe uzito wa jambo hilo tukumbuke kwamba tarehe 30 Juni 1960, siku ya uhuru, Kongo haikuwa na hata Mkongo mmoja mwenye shahada ya udaktari. Palikuwa na wasaidizi wa tiba na wauguzi, basi. Serikali iliyojisifu kwa hospitali zake ilikuwa imehakikisha kwamba kisu cha mpasuaji kinabaki mkononi mwa Mbelgiji.

Hata hivyo misheni nazo zilikuwa na wivu wao. Baada ya vita serikali ilikubali hatimaye kuzipa ruzuku shule za Waprotestanti. Baadhi ya misheni za imani ziliikataa: fedha ya serikali, walisema, huja na mkono wa serikali. Wakristo wa vilimani hawakuona hivyo. Kwao, shule isiyo na ruzuku ilikuwa na mwalimu asiye na cheti, na mtoto wake hakupata kazi, ilhali jirani Mkatoliki alikuwa karani. Upande wa Katwa na Kitsombiro, kwa Wabaptisti, ugomvi wa shule uliungana na ugomvi wa madaraka, nani mwenye kanisa na nani mwenye funguo za stoo, na miaka ya uhuru ilipowadia ukalipasua kanisa kwa uchungu mwingi. Humo ndimo lilimotoka, baada ya safari ndefu, kanisa linalojulikana leo kama CBCA. Mfadhili wa mbali alikuwa ametoa senti zake kwa moyo safi. Hakuwahi kuulizwa kama anapinga diploma ya mtoto wa Butembo. Lakini kwa jina lake ilipingwa.

Mwaka 1964 waasi wa Simba waliichukua Stanleyville mwezi Agosti, na moto ukasambaa mashariki yote hadi Butembo na Beni. Becker alikuwa na miaka 70. Hakutaka kuondoka, lakini wenzake, wazungu na weusi, walimsihi. Msafara ukatoka Oicha ukavuka mpaka kuingia Afrika Mashariki. Ilikuwa busara. Novemba ile, daktari mmisionari Mmarekani Paul Carlson aliuawa kwa risasi Stanleyville, siku ile ile askari wa miavuli wa Ubelgiji waliposhuka. Helen Roseveare, daktari Mwingereza aliyekuwa Nebobongo, alikamatwa na kuteswa kwa miezi. Kwa raia wa kawaida hesabu ya waliouawa ilikuwa kubwa kuliko ya wageni wote, ingawa magazeti ya Ulaya na Marekani hayakuipa nafasi sawa. Kikosi cha mamluki wa Mike Hoare kikapanda kutoka kusini na kuzichukua Butembo na Beni kabla mwaka haujaisha.

Becker alirudi mwaka 1965. Mtu wa umri wake angeridhika kupaka chokaa kuta za Oicha na kungoja kustaafu. Yeye akaja na wazo lingine: misheni kadhaa za Kiprotestanti ziache kila moja kuwa na kahospitali kake, ziunganishe fedha na madaktari mahali pamoja, na mahali hapo pawe shule. Pakachaguliwa Nyankunde, si mbali na Bunia, kwenye vilima vyenye hewa nzuri. Misheni tano zikakubaliana, jambo ambalo kwa Waprotestanti ni muujiza mdogo. Kikaanzishwa Kituo cha Tiba cha Kiinjili, ambacho watu wote wanakijua kwa herufi zake za Kifaransa, CME. Helen Roseveare alirejea mwaka 1966, akajenga na kuendesha mafunzo ya wauguzi hapo hadi mwaka 1973. Ndege ndogo za shirika la MAF zilibeba madaktari na dawa kwenda vituo vya mbali ambako barabara ilikuwa imekwisha kufa. Becker alifanya kazi mpaka mwaka 1976, umri ukiwa umevuka 80, akarudi kwao, akafariki mwaka 1990.

Oicha haikufa. Ilibaki hospitali ya kanisa, na kanisa lenyewe lilikuwa limebadilika mikono. Mwaka 1970 Waprotestanti wote wa nchi waliingizwa katika Kanisa la Kristo, kila jumuiya ikapewa nambari. Watoto wa Africa Inland Mission wakawa CECA, nambari 20, na Wabaptisti wa Kivu wakapata nambari 3. Miaka ya 1980, wakati dola ya Mobutu ilipogawa nchi katika zona za afya, nyingi kati ya hizo zilikabidhiwa makanisa yaziendeshe, maana serikali haikuwa na cha kuziendeshea. Kwa hiyo mgonjwa wa Oicha alitibiwa katika hospitali ambayo kwenye karatasi ni ya serikali, kwenye ardhi ni ya kanisa, na kwenye dawa, mara nyingi, ni ya mfadhili fulani wa ng'ambo.

Kisha tarehe 5 Septemba 2002. Wanamgambo wa Kingiti, pamoja na askari wa APC, jeshi la chama kilichotawala Beni wakati huo, waliivamia Nyankunde. Waliwasaka Wahema na Wabira nyumba kwa nyumba, na wodini pia, kitanda kwa kitanda. Shirika la Human Rights Watch lilihesabu kwamba watu wasiopungua 1,200 waliuawa katika siku chache. Hospitali iliyokusanya michango ya misheni tano kwa karibu miaka 40 ikaporwa mpaka vitasa.

Wauguzi na wagonjwa waliosalimika walitembea kusini, wakipita msituni, siku baada ya siku. Walielekea Oicha. Safari ya Becker ya miaka ya 1960, kutoka Oicha hadi Nyankunde, wao waliigeuza, kwa miguu, wakibeba watoto na machela. Oicha iliwapokea. Kutoka hapo wengi wao waliteremka Beni, na CME ikafunguliwa upya mjini, Boikene, chini ya utawala ule ule ambao askari wake walishiriki kuwafukuza. Sijui kama kuna neno la Kiswahili linalotosha kwa hali hiyo. Nyankunde nayo, taratibu, ilifunguliwa tena.

Tazama kilichohamishika. Jengo halikuhama, mashine za eksirei hazikuhama, wala zile bahasha zenyewe. Kilichofika Beni na kuanza kazi katika vyumba vya kuazima kilikuwa watu waliojua kutoa usingizi, kusoma darubini na kushona.

Tangu Oktoba 2014 barabara ya Oicha imekuwa jina la hofu. Mauaji ya raia, ambayo mengi yanahesabiwa kuwa ya waasi wa ADF, yamepita Ngadi, Mbau, Eringeti, Mayimoya na Oicha yenyewe. Wakulima waliacha kakao na mihogo yao msituni wakarundikana mjini, wengi katika nyumba za ndugu na waumini wenzao. Katika miaka hii mkusanya sadaka mkubwa kabisa wa Oicha amekuwa mwenye nyumba ya vyumba viwili aliyelaza watu kumi na tano. Hatumi barua ya maombi kwa yeyote, na jina lake haliingii katika ripoti ya mfadhili.

Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa Mangina, na mwezi huo huo daktari mmoja akaugua Oicha. Mji ulikuwa umezungukwa na eneo ambalo magari ya Shirika la Afya Duniani hayakuthubutu kupita bila walinzi wenye silaha. Mlipuko huo ulidumu mpaka tarehe 25 Juni 2020, ukashika watu 3,470 na kuua 2,287. Safari hii fedha hazikuja kwa senti: zilikuja kwa mamilioni ya dola, pamoja na magari meupe na hoteli zilizojaa Beni na Butembo. Watu wakauliza mbona hazikuonekana walipokuwa wanachinjwa. Vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa Februari 2019, na Aprili daktari Mkameruni Richard Mouzoko aliuawa kwa risasi hospitalini Butembo. Miaka 90 nyuma, daktari mgeni aliyefika Katwa hakuwa na mlinzi wala dola, na hilo, nadhani, lilimsaidia: kila mtu aliona wazi kwamba naye anangoja.

Ebola ilipoisha, magari meupe yakaondoka. Hospitali ya Oicha ipo, chini ya CECA 20, na mgonjwa anapotoka huandikiwa bili. Asiyekuwa na cha kulipa huzungumza na muhasibu, na muhasibu huzungumza na mchungaji.